Mama Shariff hauzi kiatu kabla ya kuuona mguu

“Umeniuzia mbao!” Wamucii Wahome anasema, na kiatu anakibamiza mezani mpaka vingine vitatu vinaanguka ubavu. “Nilikuja hapa na pesa ya maziwa, nikasema nataka kiatu ya kukimbia. Ukanipatia mbao!”

“Mbao sijawahi kuuza,” Mishi Abdulkadir anajibu. Kwanza anaviinua vile vitatu vilivyoanguka na kuvipanga upya. “Wenye mbao wako kule chini, karibu na kituo cha basi.”

“Usinicheke, Mama Shariff.”

“Sikucheki. Niachie nikitazame.”

“Utakitazama nikishapata pesa yangu! Hata miezi mbili haijaisha, na mtoto hata kutembea ni shida!”

Kwenye kibanda cha tatu kutoka hapo kuna Kahiga, kijana anayemuuzia mtu yeyote kiatu chochote. Amesikia kila neno, na hana aibu.

“Mama, kuja huku!” anaita. “Kwangu hakuna daktari. Kuna viatu tu!”

Ni saa tatu asubuhi, siku ya soko mjini Nyeri. Ukungu wa Julai umelala juu ya mabati na mlima hauonekani kabisa. Wachuuzi wa viazi wamejifunga mablanketi mabegani. Chini ya turubai la bluu, Mishi amepanga viatu vya kukimbia vya mitumba, jozi zipatazo arobaini, kamba zimefungwa, soli zimesuguliwa kwa brashi. Hauzi kitu kingine.

Nyuma ya Wamucii amesimama binti yake, Murugi, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Uzito wote ameuweka kwenye mguu wa kulia. Wa kushoto unagusa ardhi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu maji kabla ya kuoga.

Jumamosi, siku mbili zijazo, Murugi anatarajiwa kukimbia katika uwanja wa Ruring’u. Idara moja ya serikali inatafuta wasichana wanne wa timu yake ya riadha. Wanne hao watapewa kazi, sare na nyumba. Murugi alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo amekuwa akikamua ng’ombe nyumbani Tetu na kukimbia kila alfajiri. Kila mtu kwao anajua kwamba mguu wake ndio barua yake ya kazi.

“Basi nipe kingine,” Wamucii anasema sasa, sauti imeshuka kidogo. “Sitaki pesa. Nipe kiatu nzuri akimbie Jumamosi, tumalize maneno.”

“Sikupi,” Mishi anasema.

“Ati?”

“Leo sikuuzii kiatu, Mama Murugi. Hata ukinilipa mara mbili.”

Hapo ndipo wauza viazi wanapogeuza shingo.

Mishi ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Majengo, hapa hapa Nyeri, binti wa fundi aliyeshona mabuti ya askari na ya walinzi wa mashamba. Baba yake alikuwa na asili ya pwani na mama yake alitoka Othaya. “Nikiulizwa kabila langu nasema Majengo,” anasema. Ana watoto wanne. Wa kwanza ni Shariff, ambaye ni fundi wa magari huko Karatina, na ndiye aliyempa jina ambalo soko zima linamwitia.

Zamani aliuza viatu vya shule. Aliviacha kwa sababu ya ugomvi. Wazazi walikuwa wakimletea kijiti kilichokatwa kwa urefu wa unyayo wa mtoto, au kipande cha kamba ya katani, na kumwambia ampimie kiatu kwa hicho, tena akiongeze kidogo ili mtoto akue nacho.

“Kijiti hakina vidole,” anasema. “Hakina upana. Hakiwezi kukwambia kinaumia wapi. Nikiuza kwa kijiti, kiatu kinarudi kesho na mama amekasirika, na mtoto amejaza gazeti mbele ili kisimtoke.”

Akahamia viatu vya kukimbia. Wakati huo vilikuwa vimeanza kuonekana kwa wingi katika marobota ya mitumba ya soko la Gikomba, Nairobi, na hakuna aliyevitaka, kwa kuwa vilikuwa na rangi za kuchekesha. Vya kijani, vya zambarau, vya rangi ya embe. Alivinunua kwa bei ya kutupa. Leo, katika mwaka huu wa Olimpiki ambao kila redio inaimba Seoul, jozi nzuri inauzwa kuanzia shilingi mia na ishirini, na siku njema ya soko anaweza kuuza nane au kumi. Siku mbaya hauzi hata moja, anakunywa chai na kurudi nyumbani.

Masharti yake yanajulikana hadi Kiriaini. Mwenye mguu aje mwenyewe. Aje alasiri, si asubuhi, kwa sababu mguu uliotembea mchana kutwa umevimba kidogo, na ndivyo utakavyovimba ukikimbia. Aje na soksi anazovaa akikimbia. Na kama ana kiatu cha zamani, akilete hata kama kimechanika.

“Kiatu cha zamani kinasema ukweli kuliko mwenyewe,” Mishi anasema. “Mtu atakwambia anakanyaga sawasawa. Unageuza soli, unaona upande wa ndani umelika mpaka kwenye kitambaa. Huyo ukimpa kiatu laini kilichopinda, umempa ugonjwa wa goti.”

Kila kiatu kinachotoka kwenye robota anakiweka juu ya ubao ulionyooka na kuchuchumaa mpaka jicho lake lilingane na ubao. Kikiegemea upande, anakitenga. Kisha anakikunja. Kinapaswa kukunjika mahali vidole vinapokunjika, si katikati kama kitabu. Mwisho anabonyeza soli kwa gumba. Isiporudi, hakiuzi kwa mkimbiaji. Viatu vya namna hiyo huwapa watu wanaopalilia mashamba ya chai, na hawalalamiki.

Akishapata vinavyofaa, mteja huvaa vyote viwili. Wengi wanataka kujaribu kimoja tu, na Mishi hukataa, kwa kuwa miguu ya mtu si mapacha. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote lazima ibaki nafasi ya upana wa gumba. Kisigino kisipande na kushuka. Halafu anamwambia akimbie hadi kwa muuza kabeji na kurudi, watu wakitazama.

“Wanaona haya,” anasema. “Mtu mzima, askari, anakimbia sokoni! Lakini nikimwona akirudi najua. Mtu anayependa kiatu hakitazami.”

Konstebo Ngatia, ambaye ni mkimbiaji wa timu ya wilaya, amekuwa mteja wake kwa miaka mitano. Anasema siku ya kwanza aliondoka na hasira na bila kiatu.

“Nilitaka ile nyekundu,” anasema huku akicheka. “Nilikuwa nimeiona tangu Jumatatu. Akaniambia, ‘Hiyo ni ya mtu mwenye mguu mwembamba, wewe una mguu wa bata.’ Mbele ya watu! Nikaenda kwa mwingine nikanunua nyekundu. Kucha mbili zikawa nyeusi, zikang’oka. Nikarudi na kichwa chini.”

Na Mishi, hakumcheka?

“Nilimcheka sana,” Mishi anasema.

Mambo ya maumivu hakuyatafuta. Yalimfuata kibandani. Mtu akiumwa goti huja kulalamikia kiatu, na Mishi alitaka kujua ni lini kosa ni la kiatu na ni lini ni la mwenyewe. Jirani yake wa Majengo, mzee Gatimu, alifanya kazi ya kufunga plasta hospitalini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Jioni hupitia kwa Mishi kunywa chai ya tangawizi. Mishi alimuuliza maswali mpaka mzee akasema angemtoza ada.

Kutoka kwake, na kutoka kwa wateja waliorudi wakichechemea, amekusanya mambo ambayo huyatoa bure, mara nyingi kwa ukali. Lengelenge usilichune ngozi. Litoboe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, litoe maji, ulifunike. Unyayo unaouma asubuhi ukishuka kitandani, uviringishe juu ya chupa ya soda kabla hujasimama. Kifundo kilichoteguka usikichovye kwenye maji moto ya chumvi siku hiyo hiyo, ingawa kila nyanya wa Nyeri atakwambia ufanye hivyo. Kitie kwenye maji baridi, ukiinue, ukifunge. Na aliyekuwa akikimbia maili tatu asiamke kesho akimbie nane kwa sababu ameona mashindano kwenye gazeti.

“Mimi si daktari,” anasema. “Najua vitu vichache. Na najua vizuri pale ninapoishia.”

Turudi kwenye ugomvi, maana Wamucii hajaondoka.

Mishi amekichukua kiatu alichoitwa mbao. Anakitazama na uso wake unabadilika, kwa kuwa kiatu ni kisafi mno. Kitambaa kinang’aa. Kamba ni nyeupe. Mwezi wa Julai, katika matope mekundu ya Tetu, hakuna mkimbiaji mwenye kiatu cha namna hiyo.

“Nani anaviosha?”

“Mimi,” Wamucii anasema, na kidevu kinapanda. “Kila jioni. Mtoto wangu hawezi kupita mbele ya watu na matope. Watasema hana mama.”

“Kila jioni. Na asubuhi anavaa?”

“Anavaa.”

“Vikiwa vikavu?”

“Kavu kabisa! Unafikiri naweza kumpa mtoto kiatu maji na hii baridi?”

Mishi anabonyeza soli kwa gumba. Haibonyei. Anajaribu kukikunja, kinakataa. Anakiweka juu ya ubao wake, na wote wanaona jinsi kisigino kilivyojivuta upande mmoja, kama mkate uliotolewa mapema kwenye tanuri. Anakiinua hadi puani, ananusa ndani.

“Moshi,” anasema. “Mama Murugi, unavikausha wapi?”

“Kwa itara. Kwani wapi?”

Kila aliyekulia jikoni kwa mama wa Kikuyu anaijua itara, lile dari la fito juu ya meko ambapo kuni hupangwa zipate joto la moto wa chini. Mahindi ya mbegu hukaa huko. Sare za shule, zikikosa jua, huishia huko. Katika Julai ya Nyeri, ambapo nguo inaweza kukaa kambani siku nne na bado itoe maji, hakuna mama mwenye akili ambaye hatumii joto la meko yake.

“Soli hii si ngozi wala si mpira wa gari,” Mishi anasema. “Ndani ni kama sponji. Sponji ndiyo inayobeba uzito wake akitua. Umeichoma kila usiku. Imekauka, imekuwa ngumu, imejikunja. Ulisema kweli, ni mbao. Lakini mimi sikukuuzia mbao.”

“Kwa hivyo ni mimi,” Wamucii anasema polepole.

“Ni moto.”

“Ni mimi nilimuumiza mtoto. Hiyo ndiyo unasema hapa mbele ya watu.” Macho yake yamejaa, lakini hakuja sokoni kulia. Anamnyoshea Mishi kidole. “Na wewe? Siku ile ulimpima mguu, ukamkimbiza mpaka kwa kabeji, ukaniambia vidole, ukaniambia kisigino, ukaniambia soksi. Saa nzima unaongea! Ulisema neno moja juu ya kukausha? Moja?”

Mishi anakishusha kiatu mezani.

“Sikusema,” anakubali.

“Mimi ni mtu wa ng’ombe. Kiatu ya sponji nitaijulia wapi?”

“Hilo umenishinda, Mama Murugi. Ningekwambia ujaze magazeti ndani na uiweke mbali na moto. Sikusema.”

Huyo ndiye Mishi ambaye majirani humwita jeuri. Ni jeuri kweli. Lakini hana desturi ya kubishana na jambo lililo wazi. Kahiga, aliyekuwa akisubiri ugomvi ukolee, anaonekana kuvunjika moyo.

Hasara hiyo wangeweza kuigawana hapo hapo na kuachana. Tatizo ni kwamba kiatu si shida kubwa ya asubuhi hii.

“Kaa,” Mishi anamwambia Murugi na kumsogezea ndoo iliyopinduliwa. “Kunja suruali, mwanangu. Inauma wapi?”

Murugi anaonyesha sehemu ya mbele ya mguu wa kushoto, chini kidogo ya katikati, upande wa ndani wa mfupa.

“Ilianza lini?”

“Wiki tatu. Mwanzoni ilikuwa ikiuma nikianza kukimbia, halafu inapotea nikipata joto. Nikadhani ni baridi.”

“Na sasa?”

Murugi anamtazama mama yake kwanza. “Sasa haipotei. Inazidi. Usiku pia inauma.”

“Usiku?” Wamucii anageuka. “Hukuniambia usiku.”

“Ungesema nisikimbie.”

“Ningesema nini? Mimi ndiye nilikuwa nikikuamsha saa kumi na moja! Nilikuwa nikikuita mvivu!”

“Ndiyo,” Murugi anasema kwa sauti ndogo. “Nikifika kwenye kona ya kanisa nilikuwa nalia. Nikishapita shule nafuta macho, watu wasione.”

Muuza viazi mmoja anajifanya kupanga viazi vyake.

Mishi anashuka magotini kwenye ardhi yenye unyevu. Anapitisha kidole cha shahada juu ya mfupa, kutoka chini ya goti, taratibu, akibonyeza kidogo kidogo. Mzee Gatimu ndiye aliyemfundisha. Maumivu yakienea upana wa kiganja kizima, aghalabu ni nyama na mishipa iliyochoka. Hayo hutulia kwa maji baridi, mapumziko na kukimbia kwenye nyasi badala ya barabara. Maumivu yakikaa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa sarafu, hayo si ya kuchezea.

Kidole kinashuka. Murugi ametulia. Kinashuka tena. Kisha Murugi anaruka kwenye ndoo na kumshika Mishi mkono kwa nguvu.

“Hapo?”

“Hapo.”

“Juu yake kidogo?”

“Hapana.”

“Chini?”

“Hapana. Hapo tu.”

Mishi anafuta mkono kwenye leso yake na kusimama. “Nina wasiwasi mfupa umeanza kupasuka,” anasema. “Ufa mdogo kama unywele. Sijui. Picha ya mfupa kule hospitalini ndiyo itakayojua. Lakini akikimbia Jumamosi, na ikiwa ni ufa, utafunguka.”

“Ni wasiwasi yako tu,” Wamucii anasema. “Umesema hujui.”

“Nimesema sijui.”

“Basi mimi nachukua bahati! Wasichana wanne tu, Mama Shariff. Wanne! Unajua wangapi watakuja? Watakuja hata kutoka Mwea. Akikosa hii atakamua ng’ombe mpaka aolewe na mtu hana kitu. Nimpe kiatu laini, nimfunge bandeji, akimbie dakika ishirini. Dakika ishirini tu! Halafu apumzike mwaka mzima akitaka.”

Na kabla Mishi hajajibu, Wamucii amekwisha kufika kwa Kahiga.

Kahiga ana jozi tayari mkononi. Ni ya bluu, nene, laini kama godoro. “Hii, mama! Hii ukikanyaga ni kama unakanyaga ugali. Mguu hata haitajua iko barabarani.”

“Ni namba ngapi?”

“Namba ni yake! Namwona kutoka hapa.”

“Kahiga!” Mishi anaita. “Una miaka mingapi sokoni, na bado unapima mguu kwa macho?”

“Wewe ulikataa mteja, mimi nimemkubali! Biashara ni biashara, mama!”

Wamucii anaishika ile jozi ya bluu. Anaibonyeza soli kwa gumba, vile alivyomwona Mishi akifanya, na inarudi vizuri. Ameshafungua pindo la leso anamofungia noti.

Mishi hamfuati. Anamgeukia Murugi.

“Simama,” anasema. “Simama kwa mguu huo peke yake. Nishike bega.”

Murugi anasimama kwa mguu wa kushoto. Midomo imekaza.

“Sasa ruka mara moja. Kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi chini ya unyayo.”

Murugi anavuta pumzi. Goti linakunjika kujiandaa. Mwili wote unataka kupanda, mabega yanapanda, shingo inapanda, lakini unyayo hauondoki ardhini. Anajaribu tena. Ni msichana ambaye mwaka jana alikuwa wa pili katika mkoa kwenye mita elfu tatu. Anashindwa kuruka juu ya unene wa karatasi.

Anamtazama mama yake aliye mbele ya kibanda cha Kahiga, noti mkononi.

“Maitu,” anasema. Kwa Kikuyu ni mama. “Siwezi.”

Wamucii ameona. Kila mtu ameona.

“Siendi Jumamosi,” Murugi anaendelea, na sasa analia waziwazi, bila kujificha kwenye kona yoyote. “Nitaanguka mbele ya wale watu, na hawataniita tena. Wacha wachague wengine. Mwaka ujao wakija nitakuwa na miguu miwili.”

“Na kama hawakuja mwaka ujao?”

“Nitakuwa na miguu miwili bado.”

Wamucii anazirudisha noti kwenye pindo la leso, kiatu cha bluu bado mkononi.

“Mama, naweza kukupunguzia,” Kahiga anajaribu. “Mia moja tu. Tisini!”

“Weka kiatu yako,” Wamucii anamwambia, na kumrudishia mikononi. “Hata bure sitaki.”

Anarudi kwa binti yake na kumvuta kichwa kifuani. Hamwambii pole. Anamwambia kwamba ni mjinga kama baba yake, kwamba angesema wiki tatu zilizopita, na kwamba kuanzia leo ng’ombe atakamua yeye mwenyewe. Wanaojua jinsi akina mama wa Tetu wanavyosema pole wameielewa.

Kisha anamgeukia Mishi. “Hiyo picha ya mfupa. Wanapiga saa ngapi?”

“Wakati huu wako kazini. Alasiri foleni inafika nje,” Mishi anasema. “Mkienda sasa mtaona daktari leo. Akisema ni ufa, atapumzika, labda wiki sita, labda zaidi, vile watakavyosema wao. Si vile utakavyosema wewe, Mama Murugi. Wala mimi.”

“Sijui mahali wanapigia. Nitauliza nani?”

Kuhusu mipango yake, Mishi alikuwa ameeleza mapema asubuhi hiyo, kabla ugomvi haujaanza. Anataka kukodi chumba karibu na soko kufikia mwisho wa mwaka. Kiwe na sakafu ya simenti ili asikie jinsi mteja anavyotua, na benchi la watu kukaa wakipima viatu vyote viwili. Anamtaka mzee Gatimu aketi humo Jumamosi, ikiwa atakubali kulipwa kwa chai. Kwa ajili hiyo hawezi kumudu kupoteza siku ya soko. Alisema hivyo kwa maneno hayo hayo: siku ya soko haipotezwi, hata mtu akifa anazikwa kesho yake.

Sasa anavua aproni yake.

“Nitawapeleka,” anasema. “Namjua mwenye chumba cha picha. Alinunua kwangu.”

“Na soko yako?” Wamucii anashangaa.

“Soko litanikuta.”

Anaanza kuondoa viatu mezani, jozi baada ya jozi, akivitia kwenye gunia. Wamucii anamtazama kidogo, kisha anaingia chini ya turubai na kumsaidia. Wateja wawili waliokuwa wamesimama kando, vijana wa shule ya upili, wanauliza kama watauziwa kwanza.

“Miguu imevimba?” Mishi anawauliza.

“Hapana.”

“Basi rudini alasiri.”

Gunia linafungwa na kusukumwa mpaka kwenye kibanda cha Kahiga. Kahiga analitazama kana kwamba limedondoka kutoka mbinguni.

“Utaniangalizia,” Mishi anamwambia. “Na usimuuzie mtu, unasikia? Atakayekuja mwambie nimeenda hospitali. Ukimpima mtu kwa macho na viatu vyangu, nitajua.”

“Sasa mimi ni mlinzi wako, mama?”

“Leo ndiyo.”

Kahiga anasonya, lakini gunia analivuta ndani, mbali na matope.

Hospitali iko juu, na Murugi hatapanda kwa mguu huo. Mishi anatazama huku na huku, anamwona Kingori, mwenye mkokoteni, ambaye ndiyo kwanza amefika na mzigo wa kabeji.

“Kingori! Shusha hizo.”

“Hizi ni za watu, Mama Shariff! Bado hawajanilipa!”

“Zishushe hapo kwa muuza kabeji. Si ni zake? Haraka.”

Kingori anashusha, akinung’unika kwamba mji huu hauna sheria. Wamucii anavua blanketi alilojifunga mabegani na kulitandika juu ya mbao, anamwinua binti yake kama gunia la unga na kumkalisha, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele. Kingori anashika mikono ya mkokoteni.

“Taratibu kwenye mashimo,” Mishi anamwambia.

Anaenda nyuma, upande mmoja. Wamucii anashika upande wa pili. Wanausukuma mkokoteni kupita viazi, kupita vitunguu, hadi barabarani, na wanaanza kupanda.